Pembe Iliyoota Ukungu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mapepe alifagia banda la ng'ombe na kuwajazia maji. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu hakujua kutulia. Akimaliza kazi, alikwenda kumsalimia ndama wake, mlafi wa kupindukia.

Nyuma ya banda kulikuwa na shimo la saileji, chakula cha ng'ombe cha kiangazi. Familia nzima ilikuwa imelitolea jasho. Mama alivuna mtama punje zikiwa bado laini, baba mdogo akaukatakata kwa mashine, na kaka akaunyunyizia molasi, maji mazito matamu ya miwa, na kuushindilia kwa miguu mpaka akachechemea. Kisha wakafunika kwa nailoni na kurundika udongo juu.

"Hapa asiguse mtu," mama alisema. "Hewa ikiingia, kitaoza, tumekwisha."

Mapepe alisikia vizuri. Lakini siku chache baadaye alifukua pembe moja, akachomoa konzi ya mtama, akampa ndama. Ndama akamlamba mpaka vidole! Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia. Kila mara alirudishia nailoni na udongo juujuu, akijiambia kwamba kidogo tu hakidhuru.

Kiangazi kilipoingia, shimo likafunguliwa asubuhi. Pembe ile ilikuwa nyeusi, imeota ukungu na kunuka vibaya. Mama alishika kiuno, akamgeukia kaka.

"Nilikuamini! Kumbe hapa ulilipua kazi?"

"Mama, haki ya Mungu nilishindilia kote!"

"Nyamaza. Mwakani kazi hii nampa mtu mwingine."

Kaka akainamisha kichwa. Mapepe naye akachukua mkoba wake, akaenda shule. Darasani mwalimu alimuuliza swali mara mbili asisikie. Jioni alimkuta kaka akiondoa ukungu kwa koleo peke yake, na kaka hata hakumtania kama kawaida yake. Mapepe alijichukia. Akaenda jikoni.

"Mama, si kaka. Ni mimi. Nilikuwa nafukua, nampa ndama."

Mama aliacha kumenya viazi. "Na asubuhi ulisimama pale ukimtazama mwenzako akisemwa?"

Mapepe akaangua kilio. Swali hilo ndilo alilokuwa akilikimbia kutwa nzima.

Mama alimshika mkono wakaenda shimoni. "Mwanangu, nisamehe," alimwambia kaka. "Nilikulaumu bila kuuliza."

Chini ya ukungu, saileji ilikuwa nzuri, na ng'ombe wangeshiba kiangazi chote. Mama akamgeukia Mapepe.

"Chakula kilichooza tunakitupa, yanaisha. Lakini ukimwachia mwenzako abebe kosa lako, unamwozesha moyo. Ukikosea, sema papo hapo."

"Kaka, nisamehe," Mapepe alisema.

Kaka akampa koleo. "Haya, shika. Pembe hii umalize wewe."

Mapepe akalipokea kwa mikono miwili.