Feni ya Rejeta

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa magari. Usiku mmoja shemeji yake, mume wa dada yake, alimletea gari likivutwa kwa kamba. Injini haikuwa imewashwa tangu jana, lakini feni ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini yasichemke, ilikuwa inavuma tu.

“Juzi uliligusa wewe, ukaliharibu,” shemeji akafoka. “Leo hapa hapatoshi mpaka hiyo feni inyamaze.”

“Shem, mdomo wako uache mlangoni,” fundi akamjibu.

Umeme ulikuwa umekatika, gereji giza tupu. Fundi akapapasa chini ya boneti, akachomoa rilei, swichi inayoipa feni umeme. Feni ikaendelea. Akachomoa sensa ya joto inayoiamuru iwake, ikaendelea. Akaitoa betri yenyewe akaiweka sakafuni. Vuuu, ileile. Shemeji akarudi nyuma hadi mlangoni.

Fundi akamwaga maji ya rejeta yote, baridi kama ya mtungi, akaing’oa feni na kuitupa chini. Hapo ndipo ikasimama.

“Haya, umeridhika?” akasema, akiegemeza kiganja kwenye rejeta.

Akakirudisha akipiga ukelele, ngozi imeungua. Na ndani ya rejeta ile tupu, wote wawili wakasikia kitu kinaanza kuchemka.