Nani Kasema Fundi Hachaguliki?

Saa moja asubuhi mpiga pasi alikuwa ameshawasha mashine yake. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka ya hospitali na hoteli. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Mashine ilimuunguza mwaka juzi. Mwajiri akamrudisha nyumbani bila malipo hadi alipopona, bila hata pole. Hakuna sheria iliyomlazimisha kumlipa.

Kwa hiyo uchaguzi wa rais ulipokaribia, mama huyu alijua anachotaka. Mgombea mmoja zamani alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi. Fundi aliahidi sheria: ukiumia kazini, utatibiwa na kulipwa mpaka upone.

"Kura yangu ni ya Fundi," aliwaambia wenzake wa kazi wakati wa chai.

Mdogo wa mumewe, dereva wa gari la mashuka, akacheka. "Shemeji, usitupe kura. Fundi ni mtu mzuri, ila hachaguliki. Sisi watu wa jasho hatumpi urais mwenzetu. Tunataka mtu mzito. Yule mgombea Tajiri ndiye atakayeshinda."

"Tajiri yupi? Yule aliyevaa ovaroli kwenye picha za kampeni?"

"Si anatujali? Kavaa kama sisi."

"Nimepiga pasi miaka kumi na tisa, shemeji. Ovaroli ile ina mikunjo ya dukani. Haijawahi kuona maji. Usinifanye mtoto."

Mfuaji mmoja akaguna. "Unasema kweli, dada. Lakini wengine hawatampa Fundi kura."

Mkunjaji wa mashuka naye akasema wengine hawatampa. Kila mmoja aliwataja hao wengine, na hakuna aliyewajua kwa sura. Mpiga pasi akarudi kwenye mashine. Wiki nzima wimbo ulikuwa huo huo. Ilipofika Ijumaa alikuwa amechoka. Akajisemea moyoni: basi, nitampa Tajiri, yaishe.

Mchana huo alifika kazini kwao jirani yake, mama anayefundisha wapiga kura.

"Sikuja kuwaambia mumchague nani," alianza. "Kura ni siri yako. Bosi haioni, mume haioni. Haya, nyoosheni mikono: nani anadhani Fundi atashinda?"

Hakuna mkono ulionyooka.

Akawagawia vipande vya karatasi. "Sasa kila mmoja ajifiche kidogo. Usiandike jina lako. Kama moyo wako unamtaka Fundi, chora duara. Kama unamtaka Tajiri, chora mstari."

Wakatumbukiza karatasi ndani ya ndoo. Jirani akazihesabu mbele yao. Mistari mitatu. Maduara kumi na moja.

"Kitendawili," akasema jirani.

"Tega."

"Watu kumi na wanne wamezunguka chungu. Kila mmoja ana njaa, na kila mmoja anasema wenzake wameshiba. Chakula kimepoa."

Mpiga pasi alisimama. "Kumbe ni sisi! Hao wengine ni sisi wenyewe! Wiki nzima mmenivunja moyo kwa ajili ya watu ambao hawapo!"

Dereva alitazama viatu vyake. "Hata mimi nilichora duara," akasema polepole.

"Na mdomo wako ulikuwa unachora nini, shemeji?"

"Tulieni," akasema jirani. "Watu kumi na wanne si nchi nzima. Fundi anaweza kushindwa. Lakini kura si kamari, kwamba ukikosea mshindi umepoteza. Uliza mgombea atafanya nini, na atafanyaje. Ukiridhika, mchague huyo. Kura inayopotea ni ile uliyompa mtu usiyemtaka."

Siku ya uchaguzi walipanga foleni tangu alfajiri. Kesho yake matokeo ya kituo chao yalibandikwa ukutani. Matokeo ya nchi yalikuwa bado. Dereva akasoma kwa kidole: Fundi, mia nne na kumi na mbili. Tajiri, mia mbili sitini na tatu.

"Tulikuwa wengi hivi, shemeji? Nani alitudanganya kwamba tuko wachache?"

"Wewe," akasema mpiga pasi. "Na mimi nilikaribia kukuamini."