Gunia la Mlangoni

Mvua iliponyesha, wanafunzi wa shule moja karibu na Tawa walivulia viatu vyao mlangoni mwa chumba cha kompyuta, wakaosha matope bombani, wakajifuta miguu kwa gunia, ndipo wakaingia. Mwalimu Nzomo hakutaka vumbi wala tope mle ndani.

Siku hiyo Muthoki alijifuta vizuri, kisha akalisokomeza gunia nyuma ya tangi la maji. Kijicho kilimkaba rohoni. Kavindu, aliyetoka mbali na kufika wa mwisho kila mara, ndiye aliyechaguliwa kwenda Kitui kwa mashindano ya kompyuta. Yeye Muthoki akaachwa! Basi Kavindu naye agombezwe leo kwa kulowesha sakafu.

Kavindu alilitafuta gunia, akalikosa, akaingia miguu ikichuruzika.

"Asi! Bata amefika!" Muthoki akapaza sauti. Darasa zima likaangua kicheko.

Wawili hao walitumia kompyuta moja. Mara ikazimika. Plagi ilikuwa imelegea kwenye ekstensheni ya umeme iliyolala sakafuni, plastiki yake imepasuka. Mwalimu alikuwa upande wa pili akimsaidia mwanafunzi mwingine.

"Tungoje mwalimu," Kavindu akasema. "Alitukataza kuigusa."

"Bingwa wa Kitui anaogopa waya! Mwoga wewe!"

Wenzao wakacheka tena. Kavindu akauma midomo, akainama, akaishika plagi.

Pa! Mkono ukanasa, mwili ukatetemeka wote. Muthoki akanyoosha mkono amvute.

"Usimguse!" Mwalimu Nzomo alifoka, akakimbilia swichi kubwa ya ukutani na kuizima. Kavindu akaanguka. Chumba kikanuka ngozi iliyoungua, na hapakuwa na wa kucheka tena.

Hospitalini walimwokoa, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena. Kitui hakwenda mtu.

Muthoki alilitoa gunia mwenyewe, akalipeleka kwa mwalimu huku akilia kwa kwikwi.

"Lia, lakini machozi hayanyooshi vidole," Mwalimu Nzomo akamwambia mbele ya darasa. "Na mimi nina lawama. Kifaa kibovu kile ningekitupa zamani. Sikieni: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Stima haijui nani anatania. Usiiguse ukiwa na maji mwilini, na ukiona waya umeharibika, mwite mtu mzima. Anayesema 'tungoje' si mwoga. Ndiye mwenye akili."

Soketi zikapandishwa ukutani, na patipati za mpira zikawekwa mlangoni kwa kila mwanafunzi.

Kavindu aliporudi, mvua ilikuwa ikinyesha. Muthoki alimkuta mlangoni, mkono umefungwa bendeji.

"Nisamehe, Kavindu."

Kavindu alimtazama miguuni. Maji yalikuwa yakimdondoka. Akaliokota gunia kwa mkono wa kushoto, akamtupia.

"Jifute kwanza," akasema, akaingia ndani bila kugeuka.