Dereva Hashiki Ufunguo

Jumamosi ile ukumbi wa maonyesho wa Tulsa ulijaa visu na watu, na ungepata taabu kusema kipi kilikuwa kingi zaidi. Maren Sudbeck alikuwa akipenya kati ya meza na boksi la ala za ngozi za kuvalishia visu mikononi, kidevu kimelikandamiza lisimwagike, alipomkumba mwanamume aliyesimama katikati ya njia akijifunga plasta kidoleni. Boksi likaanguka. Ala zikatawanyika mpaka chini ya meza za watu.

"Samahani, dada," alisema yule mwanamume, akiinama.

"Samahani ya nini? Mimi ndiye niliyekugonga. Kidole kimefanya nini?"

"Mkate."

"Mkate umekuuma?"

"Nilikuwa naukata. Kisu nimekinoa mwenyewe asubuhi, kwa hiyo sina hata wa kumlaumu."

Maren alicheka kabla hajakusudia. Alikuwa amevaa aproni ya ngozi ya kahawia iliyofifia magotini na buti nyekundu, nywele amezikusanya nyuma kwa ukanda mwembamba wa ngozi. Mwanamume alivaa shati la drafti lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu wa barabarani. Jina lake Cyrus Tolliver, mzaliwa wa Kentucky, mnoaji wa visu. Aliishi ndani ya gari-nyumba lenye rangi ya maziwa, akihama kutoka onyesho hadi onyesho, jimbo hadi jimbo. Aliokota ala moja, akauvuta mshono wake kwa ukucha.

"Umeshona kwa mkono?"

"Ulidhani kwa miguu?"

Jioni ya siku hiyo walikula nyama ya kuchoma kwenye sahani za karatasi. Wiki iliyofuata Cyrus alipiga simu kutoka Arkansas kuuliza kama ala huwa zinapakwa mafuta. Maren alimjibu kwamba mnoaji yeyote anajua jibu la swali hilo.

"Najua," alikiri. "Lakini nilihitaji swali."

Baada ya simu nyingi za namna hiyo, Maren alifunga chumba chake, akapakia ngozi na sindano, akaingia kwenye gari-nyumba.

Aligundua mapema kwamba Cyrus alikuwa mtu mwepesi wa kila kitu isipokuwa mpaka. Kila walipokaribia jimbo jingine, alisimama kwenye kituo cha mafuta cha mwisho. Visu vyote vilikusanywa: vya kuuza, vya wateja, hata kile cha kukatia vitunguu. Vilitiwa ndani ya sanduku la chuma lililokuwa nyuma kabisa, chini ya kitanda, mbali na usukani. Akafunga kwa kufuli, kisha akampa Maren ufunguo.

"Dereva hashiki ufunguo," alisema mara ya kwanza.

"Hata cha vitunguu, mpenzi?"

"Hata cha vitunguu. Kila jimbo lina sheria yake. Cha halali huku, kule ni kesi. Kikiwa kimefungwa na mimi siwezi kukifikia, tunapita kwa amani."

Kwa hiyo kwenye mipaka walikula mkate wa kumega kwa mikono, na jibini lililoonekana kama limeng'atwa na panya. Maren alimtania, lakini ufunguo aliuvaa shingoni, na moyoni aliuona kama kitu cha kuvaliwa na mke.

Tatizo lilikuwa kisu cha baba. Marehemu mzee Sudbeck alikuwa dereva wa malori, na kisu chake kilikuwa cha kubonyeza: unagusa kitufe, bapa linaruka lenyewe kutoka kwenye mpini wa pembe. Maren hakukumbuka siku aliyomwona baba yake bila kisu hicho. Tangu mazishi alikibeba yeye, mfukoni mwa aproni.

Walipofika St. Louis, wakielekea Chicago, Cyrus alizima injini kwenye kituo cha mwisho kabla ya daraja.

"Hicho hakivuki, Maren. Illinois visu vya kubonyeza vina masharti, na mimi na wewe hatuna kibali. Tukiache hapa kwa rafiki yangu, tutakichukua tukirudi."

"Kitie sandukuni kama vingine."

"Hata sandukuni sitaki kubahatisha."

"Ni cha baba yangu, Cyrus. Baba hakukiacha hata siku moja."

"Najua ni cha baba yako."

"Hujui. Ungejua usingesema kiachwe kama mwavuli."

Cyrus aliondoa mikono kwenye usukani. "Basi fanya hivi," alisema kwa upole. "Mpelekee rafiki yangu wewe mwenyewe. Duka lake ni lile pale. Nitakusubiri."

Maren alishuka. Alizunguka nyuma ya duka, akasimama karibu na mapipa ya taka, akahesabu pumzi zake. Aliporudi alisema, "Tayari." Kisu kilikuwa ndani ya buti nyekundu. Baadaye, Cyrus akiwa kwenye usukani, alikihamishia ndani ya kopo la majani ya chai.

Walikuwa wamekwisha kuuacha mto nyuma sana askari wa barabarani alipowasimamisha kwa sababu ya taa ya nyuma iliyokufa. Alikuwa kijana mwenye sauti ya adabu.

"Mna silaha yoyote humo ndani, bwana? Visu?"

"Visu ni kazi yangu," Cyrus alijibu, mikono yote miwili juu ya usukani. "Vyote viko sandukuni, nyuma, vimefungwa. Ufunguo anao mwenzangu. Hakuna kingine, naapa."

Maren alitoa ufunguo shingoni. Askari aliingia, akafungua sanduku, akavitazama visu vilivyolala kwenye vitambaa vyake, akafunga. Njiani kutoka alipita jikoni. Kiwiko chake kiligusa kopo la chai.

"Ningependa wote wangebeba hivi," alisema. "Tengenezeni taa."

Chicago iliwapokea kwa mvua. Cyrus aliegesha gari kwenye uwanja wa magari-nyumba, akabandika maji jikoni.

"Leo nakupikia chai mimi, mke wangu mtarajiwa," alisema akiimba, akafungua kopo.

Wimbo ukakatika.

Hakupaza sauti. Alikiweka kisu mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Nimemwapia yule askari," alisema.

"Hakukiona."

"Mimi nimekiona."

"Cyrus, ni kitu kidogo! Tumefika, hakuna aliyeumia."

"Niliapa kwa neno lako, Maren."

"Na mimi nilikuomba kwa jina la baba yangu, ukanijibu kwa masharti ya Illinois. Wewe unapenda sheria kuliko watu."

Alimsubiri ajitetee. Alikuwa tayari kwa ugomvi, hata aliutaka. Lakini Cyrus alinyamaza, akazima moto chini ya birika. Kimya hicho Maren alikisoma kama ubaridi. Aliuvua ufunguo, akauacha mezani, akachukua kisu na begi lake. Alipanda basi la kwenda Nebraska kwa mama yake.

Mama yake, Bi Adela, alikuwa akikanda unga Maren alipomsimulia yote. Hakukatiza. Mwishowe alijifuta mikono, akauliza, "Nani kakwambia baba yako hakukiacha kisu hiki?"

"Nilimwona nacho siku zote, mama."

"Ulimwona nacho alipokuwa nyumbani, mwanangu. Akipata mzigo wa kwenda Chicago, kililala hapa." Alivuta droo ya pili ya kabati, akaonyesha alama iliyochubuka kwenye mbao, nyembamba, ya urefu wa mpini. "Alikuwa akisema, 'Adela, nikirudi nikakikuta hapa, tumeshinda.' Kinachomsubiri mtu nyumbani hakijaachwa."

Maren aliingiza kisu ndani ya ile alama. Kilikaa sawasawa. Alisimama pale mpaka mkate ukaanza kunukia, kisha akaenda barazani na simu.

"Ni mimi," alisema.

"Najua," alijibu Cyrus. Nyuma yake gurudumu la kunolea lilikuwa likipunguza mwendo, likasimama. "Ala hupakwa mafuta?"

Maren alianza kucheka, akaacha. "Nilikudanganya. Si kwa sababu ya baba tu. Nilitaka nikushinde. Nisamehe."

Ukimya ulikuwa mrefu, lakini safari hii alikaa nao.

"Nilifungwa miezi minane," Cyrus alisema hatimaye. "Nilikuwa kijana. Kisu kilikuwa mfukoni, halali kwetu, si halali nilikokuwa. Nikikamatwa tena hawatanisikiliza. Jela naweza kuivumilia, nadhani. Ila kazi yote ingekwisha. Na yule askari alipopita karibu na kopo lile... mimi sikujua kuna nini. Wewe ulijua."

Maren alikaa kwenye ngazi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungekimbia."

"Nilikimbia bila hata kujua."

"Ndiyo," alisema Cyrus. "Tungeanzia kwenye ukweli, labda tungeokoa nauli ya basi."

Alikuwa Iowa, akielekea onyesho la Omaha. Maren alimuuliza angesimama wapi, ingawa alijua. Kituo cha mafuta cha mwisho, Council Bluffs, kabla ya daraja.

Mama yake alimvusha mto kwa gari, akamshusha na mkate wa moto uliofungwa kwa kitambaa. Gari-nyumba jeupe lilikuwa limeegeshwa kando ya pampu. Cyrus alishuka, shati limepigwa pasi, mikono haijui ikae wapi.

"Kisu kiko wapi?" aliuliza.

"Nyumbani. Kwenye droo. Kinatusubiri." Maren aligeuza mifuko ya aproni nje, yote miwili, akavua na buti, akazikung'uta. "Angalia."

"Sikukuomba uonyeshe."

"Najua. Ndiyo maana naonyesha."

Walifunga sanduku pamoja. Walikaa ngazini wakamega mkate kwa mikono, ukiwaunguza vidole, wala hakuna aliyedai kisu. Cyrus alitoa ufunguo, akaunyoosha kwake. Maren hakuupokea.

"Leo naendesha mimi," alisema.

Hakuna mtu aliyewahi kuliendesha gari lile isipokuwa Cyrus. Alimtazama, akatazama usukani, akatazama daraja. Kisha akauvaa ufunguo shingoni mwake mwenyewe, akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda, akiwa mdogo ghafla kwenye kiti asichokizoea.

"Maren," alisema injini ilipowaka. "Nataka kukuuliza jambo."

"Uliza ng'ambo. Nataka unioe katika jimbo nililozaliwa."

"Sijasema kama ni hilo."

"Ni lipi, basi?"

"Ni hilo."

Daraja lilinguruma chini ya magurudumu. Chini, mto ulipita na matope yake bila kuuliza ni wa jimbo gani. Walipolifikia bango la Nebraska, Cyrus alikohoa, akauliza, kwa maneno machache na sauti iliyokauka.

"Ndiyo," alisema Maren, macho barabarani. "Lakini niachie mkono, mpenzi. Naendesha."