Maji Baridi

Kila alipotoka shule, msichana yule alifanya mambo yale yale. Alivua viatu mlangoni, akamsalimu bibi yake aliyekuwa amejilaza chumbani kupumzisha magoti, akabadili sare. Kisha alikwenda sebuleni, akachuchumaa mbele ya kabati lililobeba tangi la samaki, akasikiliza. Pampu ilinguruma kwa chini. Maji yalishuka kwenye bomba kwa sauti kama ya mtu anayesukutua mdomo. Zaidi ya hapo nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho kilidumu mpaka Bibi alipoamka kuweka chai jikoni.

Alikuwa darasa la sita. Wenzake walimwita Kufuli, kwa sababu mdomo wake ulifunguka kwa taabu. Wakati wa mapumziko alisimama karibu na bomba la maji, akajifanya ana kiu, ili asionekane kuwa hana wa kusimama naye.

Mama yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Baba yake alikuwa fundi bomba, na kazi zake zilikuwa mbali, kwenye majengo makubwa yanayojengwa miji mingine. Alikuja nyumbani, akafuliwa nguo, akalala usingizi wa kuchoka, akaondoka tena. Bibi alimpenda mjukuu wake, lakini masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka, na mazungumzo ya kurudiwa rudiwa humchosha mtu.

Likizo iliyopita, hata hivyo, Baba alikuwa amekaa. Daktari mmoja wa meno alikuwa anajenga zahanati mpya. Alitaka ukumbi wa kusubiria uwe na tangi kubwa la maji ya bahari, lenye samaki na matumbawe hai, ili watoto watazame huko wasahau kulia. Alimwambia Baba hivi: "Fundi, nionyeshe kwanza tangi moja lililo hai, ulilolifunga kwa mikono yako. Likinipendeza, utafunga langu, utafunga na mabomba yote ya zahanati, na utabaki kuwa fundi wangu hapa hapa mjini."

Hapa hapa mjini. Msichana aliyarudia maneno hayo kitandani kama mtu anayemumunya peremende.

Walilijenga pamoja. Baba alikata mabomba kwa msumeno, yeye akasugua ncha kwa msasa. Baba alipaka gundi, yeye akashikilia kiungo kisicheze mpaka kishike. Alijifunza kwamba tangi la juu ni la kutazamwa, ila lile dogo lililofichwa ndani ya kabati ndilo linalofanya kazi. Bomba moja hushusha maji huko chini yakachujwe, na pampu huyasukuma yarudi juu kwa bomba jingine. Walipojaribu mara ya kwanza, kiungo kimoja kilivuja kikawarushia maji usoni.

"Linatutemea mate hili!" Baba alisema huku akijifuta. "Lete tepu, mama, tulitie adabu."

Baba alimwita "mama" kila mara, na hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa yeye.

Walichanganya chumvi ya bahari, wakapanga mawe, wakasubiri wiki nyingi maji yatulie. Ndipo wakaingia konokono, yakafuata matumbawe laini yenye vidole vinavyopepea, na mwisho samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe.

Baba alikuwa hajamaliza kumwelekeza jinsi ya kulitunza pale simu ya msimamizi wa ujenzi ilipoita. Gari lilikuwa limeshafika nje. Baba alifunga kamba za viatu huku akizungumza.

"Mama, kazi yako ni moja tu. Ukiona maji ya tangi la chini yameshuka chini ya ile tepu nyekundu niliyobandika kwenye kioo, ongeza maji baridi mpaka yaifikie. Basi. Mwisho wa mwezi narudi, na daktari anakuja kuangalia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Ndiyo maana nasema wewe ni mtu mzima."

Kesho yake maji yalikuwa yameshuka chini ya tepu. Msichana alisimama jikoni na jagi mkononi. Kulikuwa na dumu la bluu lenye maji waliyoyachanganya na chumvi, na dumu jeupe lenye maji ya kawaida yaliyochujwa. Baba alisema maji baridi. Yote mawili yalikuwa na joto la jikoni. Akafikiri: samaki wa bahari huongezewa maji ya bahari, hilo halina mjadala. Na Baba anataka yawe baridi, pengine kwa sababu pampu huyapasha moto. Basi akajaza chupa kutoka dumu la bluu, akaiweka kwenye friji, na ilipopoa akaimimina.

Moyo ulimwambia apige simu aulize. Aliichukua simu ya Bibi, akaitazama, akairudisha mezani. Kazini kwa Baba palikuwa na kelele siku zote, na kila simu iliishia na "Haya mama, tutaongea." Tena alikuwa ameshasema ameelewa. Mtu mzima hapigi simu kuuliza maji.

Akaendelea hivyo kila siku.

Ghorofa ya juu yao alikaa msichana wa darasa lake, waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyejua pa kumzimia. Jioni moja alipiga hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa.

"Nimekuja kumwona samaki, sikuja kukuona wewe, usijivune," alisema, akabandika pua kwenye kioo. "He! Mbona konokono wenu wanahama?"

Kweli, konokono walikuwa wamepanda mpaka juu ya maji, wamejibana kwenye ukingo wa kioo.

"Wanapunga upepo," msichana alijibu.

"We Kufuli! Konokono wa baharini apunge upepo wa nini, ametoka jikoni?" Redio alicheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini kweli, umemuuliza baba yako?"

"Baba ana kazi. Na wewe nenda kwenu, nataka kusoma."

Redio alimtazama, akatoka bila neno, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mlango ulipofungwa, msichana alitamani kumwita arudi. Hakumwita.

Baba alipiga simu. Nyuma yake mashine zilikuwa zinapiga kelele.

"Samaki hajambo?"

"Hajambo."

"Na matumbawe yamechanua vizuri?"

Msichana aligeuka kuyatazama. Tumbawe kubwa lilikuwa limejikunja kama ngumi.

"Yamechanua, Baba."

"Safi! Haya mama, tutaongea."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na wa pili ulimtoka kwa urahisi zaidi. Hapo awali alikuwa akiingoja simu ya Baba siku nzima. Sasa ikiita alishtuka. Alipokuwa mpweke zamani, angalau Baba alikuwa upande wa pili wa simu. Sasa upande wa pili palikuwa na mtu anayezungumza habari za tangi jingine, tangi zima lisilokuwepo, na yeye alibaki na hili la kweli peke yake.

Siku chache baadaye tumbawe kubwa lilianza kugeuka jeupe upande mmoja, kama kidonda. Samaki alikuwa amelala pembeni ya jiwe, akihema haraka haraka. Wakati wa chakula msichana alichezea kijiko tu.

"Mbona huli?" Bibi aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, nami ndiye niliyepika?" Bibi alisogeza kiti karibu, akamshika mkono. Mwaka mzima alikuwa akimwangalia mtoto huyu akitembea humu ndani kama mgeni, akimwombea kila alipoinamisha kichwa kusali. "Mjukuu wangu, sikio langu ni bovu lakini macho ninayo. Kuna jambo. Mungu ameshalijua, hana haja ya kuambiwa. Anayengoja kuambiwa ni baba yako."

Msichana alilia kidogo. Kisha akachukua simu, akapiga yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke.

"Mama? Kuna nini?"

"Baba, nilikudanganya. Matumbawe hayajachanua. Moja linakuwa jeupe, na samaki anahema vibaya."

Kelele za mashine zilififia. Baba alikuwa anatembea kutafuta mahali patulivu. "Umekuwa ukiongeza maji gani?"

"Baridi, kama ulivyosema. Natoa dumu la bluu, naweka kwenye friji, yakipoa namimina."

"Kwenye friji?"

"Si ulisema baridi?"

"Lo! Mama yangu! Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! Maji ya kunywa! Yale ya dumu jeupe!"

Bibi, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na simu, aliguna. "Ni kweli. Sisi tunayaita maji baridi hata yakiwa yanatokota kwenye sufuria."

"Sikujua," msichana alisema kwa sauti ndogo.

"Sikiliza, mama. Maji ya tangi yanageuka mvuke yanapotelea hewani. Chumvi haiendi popote, inabaki humo humo. Ndiyo maana tunarudisha maji matupu. Wewe ulikuwa unaongeza chumvi juu ya chumvi, na viumbe wale inawabana. Usimwage yote kwa pupa, utawaua kwa mshtuko. Leo toa jagi moja kwenye tangi la chini, weka jagi moja la dumu jeupe. Kesho tena. Na kile kipimo cha chumvi kipo kwenye droo. Kichukue, nikufundishe kukisoma sasa hivi."

"Huna kazi?"

"Ninayo. Itangoja."

Waliongea muda mrefu kuliko walivyowahi kuongea kwenye simu. Kesho yake aliuliza kama jagi limwagwe taratibu au kwa mara moja. Keshokutwa yake aliuliza kwa nini mshale wa kipimo unacheza. Kila alipouliza, Baba alijibu, wala hakuna siku aliyosema "kumbe wewe bado mdogo." Alipanda ngazi pia hadi mlangoni kwa Redio.

"Konokono hawakuwa wanapunga upepo," alisema. "Niliwaharibia maji. Unataka kuja kunisaidia kubeba dumu?"

"Yarabi, Kufuli kafunguka!" Redio alipiga kelele ndani kwao. "Mama, natoka!"

Konokono walishuka. Samaki alianza kuogelea tena mpaka karibu na bomba la kurudishia maji. Matumbawe madogo yakafunua vidole. Lile kubwa tu, upande wake mweupe haukurudi.

Baba alifika usiku wa kuamkia siku ya daktari. Asubuhi alitazama tangi, akaingiza mkono, akaligeuza jiwe ili upande mweupe wa tumbawe uelekee ukutani. Msichana alimwona. Baba alifuta mkono kwa taulo muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Daktari wa meno alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya taratibu. Alizunguka kabati, akafungua mlango wake, akatazama mabomba na koki zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Limefungwa vizuri. Hili ndilo ninalolitaka, fundi. Kitu cha kuweka na kusahau. Hakuna kilichokufa humu?"

Baba alilitazama lile jiwe aliloligeuza asubuhi.

Msichana alijua kabisa kilichokuwa hatarini. Neno moja lingeweza kumrudisha Baba kwenye gari la msimamizi.

"Kipo," alisema. "Tumbawe hilo kubwa limekufa upande wa nyuma. Ni mimi. Sikuelewa maji ya kuongeza, nikasema nimeelewa, kisha nikamdanganya Baba. Yeye alikuwa mbali, hakujua."

Baba aliingiza mkono tena kwenye maji, akaligeuza jiwe polepole, upande mweupe ukatazama mbele.

"Ni kweli, daktari. Na mimi nilikuwa nataka kukuficha."

Daktari aliinama akalitazama tumbawe, kisha akamtazama msichana. "Liliharibika kwa muda gani?"

"Wiki chache tu," msichana alijibu.

"Mtu wa kulitazama akiwa mbali." Daktari alinyooka. "Basi si kitu cha kuweka na kusahau. Wauguzi wangu hawatajua maji gani ni maji gani, na mimi sitajua. Fundi, nikikupa kazi hii, ukifunga uende zako, ukumbini kwangu patakuwa na kaburi la kioo. Nilidhani nahitaji mtu wa kufunga. Ninahitaji mtu wa kubaki. Utabaki?"

Baba alimtazama binti yake kabla ya kujibu. "Nitabaki, daktari."

Mgeni alipoondoka, Baba alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, akamvuta mtoto wake akae karibu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilisema neno nikadhani unalijua kama ninavyolijua mimi. La pili ni lako: hukuelewa, ukasema umeelewa. Nisikilize vizuri, mama. Kusema 'sijaelewa' kunakuaibisha dakika moja. Ukikaa kimya, kosa linakua, na uongo unalinda kosa, na wewe unabaki nalo peke yako huko ndani. Leo umesema kweli mahali ambapo mimi mkubwa nilishindwa. Huo ndio utu uzima ninaoutaka, si ule wa kujibu 'ndiyo' kila saa."

Likizo iliyofuata walikuwa kwenye zahanati mpya, ukumbini palipokuwa bado pananuka rangi. Baba alikuwa amelala chali ndani ya kabati kubwa, miguu tu ikionekana.

"Mama, kaza hiyo nati ya upande wa kurudishia, lakini usiikaze sana!"

Msichana alitazama mabomba, moja huku, jingine kule. Akachungulia ndani ya kabati.

"Sijaelewa, Baba. Ipi?"

Miguu ilijisogeza. Baba alitoka kabatini na vumbi kichwani, akaenda kumwonyesha.