Shuka la Mayo

Jua lilikuwa lashuka Kanze aliposukuma toroli lake kwenye ujia wa vyumba vya wageni. Kazi ya kila jioni: funga pazia, kunja ncha ya shuka, sokota taulo liwe tembo ili mgeni acheke. Meli yenyewe ina mabwawa, ina sinema, ina watu kushinda Kombani siku ya soko. Lakini katika siku za baharini, bandari haionekani mbele wala nyuma. Hata ukifiwa, hushuki.

Na Kanze alikuwa amefiwa.

Mamaye alizikwa huko nyuma ya Kombani, yeye akiwa anasugua bafu la mgeni. Hakulia. Si ugumu wa moyo, jamani, msimseme. Chozi lilikataa tu. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi. Akila hasikii ladha, akiitwa aitika, basi.

Chumba cha mwisho hakikuwa na mtu. Bomba lilikuwa bovu, wageni wakahamishwa. Kanze aliingia kufunga pazia.

Akasikia harufu ya udongo.

Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi… katikati ya bahari! Na ndani ya harufu ile, ugoro, kama ule wa mamaye. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo. Ndani, giza.

"Kanze…"

Sauti ya mamaye.

"Kanze, mwanangu… nasikira peho."

Peho ni baridi, kwa lugha ya kwao. Mtu mwingine angetoka mbio viatu akaviacha. Kanze alifunga pazia, akatoka, akarudisha mlango taratibu. Hofu aliijua ipo, ila haikumfika.

Asubuhi akampigia mdogo wake, Mercy, aliyebaki akimlea Mbeyu, binti wa Kanze mwenyewe. Mtoto huyo alipewa jina la bibi yake, na bibi hakumwita ila "somo".

"Dada, sikutaka kukutia wasiwasi huko uliko," Mercy alinong'ona. "Mtoto ana baridi. Tangu tutoke kaburini. Daktari amempima, haoni homa, haoni malaria. Jua hili la Kwale, mablanketi juu yake, na meno yagongana. Leo nimemwita, hakuitika."

"Mama mlimzika vipi?"

"Mvua ilikuwa yaja, dada. Watu wakaharakisha. Sanda… ilikuwa fupi."

Katika chumba cha kufulia cha meli alikuwako kijana wa Kinango, Garama, mtu wa mizaha asiyeweza kukupa taulo bila kukutania. Kanze alipomweleza, mzaha ulimkauka mdomoni.

"Koma huyo, roho ya mfu," alisema chinichini. "Marehemu akisikia baridi huomba nguo. Asipopewa, humkumbatia aliye wake apate joto."

"Somo wake."

"Ndiye. Dada Kanze, mpe leo, kwa mkono wako. Na ukishampa, ndiyo basi. Cha koma hakirudi."

Jioni Kanze alifungua kile chumba. Udongo ulinuka hadi kooni. Bafuni kitu kilikuwa chatetemeka, na vigae vikigongwa… taka, taka, taka… Akavuta shuka la juu kwenye toroli, bila kuchagua, akalipenyeza mlangoni.

"Mayo, mama yangu, nguo yako hii. Nisamehe sikuja kukuzika. Niachie mwanangu."

Akalishikilia upande wake, akangoja.

Kisha shuka likavutwa.

Pole pole. Likapita viganjani mwake, likapita, likapita, mpaka upindo wa mwisho. Mtetemo ukakoma. Kanze akausukuma mlango, akawasha taa. Bafu lilikuwa kavu, na shuka halikuwamo.

Kesho yake Mercy alipiga simu ya video huku akicheka na kulia pamoja. "Dada! Amepona! Ana jasho, amekunywa uji, amedai mandazi!" Mbeyu huyo hapo kwenye kioo, mashavu yamejaa. Kanze alitazama akangoja furaha ije. Ikaja kidogo, kwa mbali.

"Mama," mtoto akasema, "bibi amepata nguo."

"Ndiyo, mwanangu. Umeshapona?"

"Asema ni kubwa mno." Mbeyu akageuka, akatazama kando yake, mahali pasipokuwa na mtu, akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza. "Asema yatutosha sote wawili."

Kanze akaliona toroli lake. Vyumba vya upande ule vyote vina kitanda cha watu wawili, na mashuka yake vivyo hivyo. Alikuwa amempa marehemu nguo ya kulala na mwenzake.

"Mercy! Mshike mtoto! Usimwache peke—"

Mtandao ukakatika. Akapiga, ikakataa. Akapiga tena. Na bandari bado siku tele.

Akanyakua shuka dogo, la mtu mmoja, akakimbia ujia mzima akiwapiga wageni vikumbo, akafungua chumba cha mwisho.

"Mayo! Nilikosea! Nipe lile, chukua hili… Mayo!"

Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Akanusa. Akanusa tena, akipiga magoti, pua karibu na vigae, akiutafuta ule udongo.

Palinukia sabuni tu. Mamaye alikuwa ameshaondoka, amerudi nyumbani kwa somo wake.