Kuni Alizoziacha Evald

Kila asubuhi Vaike aliamka, akavaa sweta mbili, akaenda kulipigia magoti jiko lake. Lilikuwa jiko kubwa la matofali, limejengwa katikati ya nyumba ili lipashe joto vyumba vyote. Aliingiza kuni, akawasha gazeti, akapuliza mpaka akaona kizunguzungu. Kuni zilitoa povu kwenye ncha na kufuka moshi tu. Moto ulipokubali kuwaka, saa nzima ilikuwa imepita.

Vaike alikuwa na miaka sitini na minane. Tangu aolewe mpaka baridi hii hakuwa amewahi kuwasha jiko hilo. Ilikuwa kazi ya mumewe, Evald. Vaike alikuwa na ng'ombe wake, bustani yake na mkate wake. Evald alifariki mwezi wa Mei. Sasa ilikuwa Januari, na Januari ya kusini mwa Estonia haimhurumii mjane.

Jumapili binti yao, Maarika, alikuja kutoka mjini Tartu. Alikuta maji ya ndoo yameshika barafu humo humo ndani.

"Mama, hapa si pa kuishi."

"Ni kwenu hapa. Ulizaliwa humu."

"Kuzaliwa nilizaliwa, lakini wewe hutakufa kwa baridi humu. Jumamosi nakuja na gari. Nikikuta hali ni hii, tunafunga mlango, tunakwenda kwangu."

Kwa Maarika kulikuwa na joto na kitanda kizuri, Vaike alijua. Lakini alijua pia kwamba nyumba ya kijijini ikifungwa msimu mmoja wa baridi, haifunguliwi tena. Alikwisha kuona hivyo kwa majirani wanne. Aliogopa sana.

Siku iliyofuata alimpigia simu Priidu, msafisha dohani, yaani bomba la kutolea moshi. Priidu aliahidi kuja Jumatano.

Jumatano asubuhi Vaike alifanya ujanja wake. Ndani ya dohani kuna kibati. Moto ukiisha, kibati husukumwa ndani ili joto lisitoroke. Evald alikuwa akikisukuma kila siku. Vaike akawaza: nikikifunga mapema, si nitabaki na joto jingi zaidi? Akakifunga. Makaa yalikuwa bado yanatoa ndimi za buluu.

Kabla ya adhuhuri kichwa kilimuuma kama kinapasuliwa. Aliposikia hodi, alijikokota kwa kushika ukuta mpaka mlangoni.

Priidu alimtazama usoni mara moja tu. Akamtoa nje, akamfunika koti lake. Kisha akavuta pumzi, akakimbia ndani, akafungua madirisha na kibati, akatoka.

"Umekifunga saa ngapi?"

"Asubuhi hii tu. Kichwa tu kinaniuma, mwanangu. Nitalala kidogo."

"Ungelala, mama, usingeamka. Makaa yakiwa hai hutoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Wewe umeifungia ndani pamoja nawe."

Aliita gari la wagonjwa, ingawa Vaike alikataa. Hospitali walimpa hewa safi ya mtungi, wakamlaza hadi kesho yake.

Ijumaa Priidu alirudi. Akapanda juu ya paa, akafagia dohani, akashuka na ndoo. Ndani mlikuwa na masizi meusi yanayong'aa kama lami.

"Haya yakishika moto, nyumba yote inakwenda," alisema. Akachukua vipande viwili vya kuni kando ya jiko, akavigonganisha. Vilitoa mlio mzito: du. "Mama Vaike, hizi kuni umezivua ziwani?"

"Jirani aliniletea mwezi wa Oktoba."

"Na alizikata Oktoba hiyo hiyo. Mbichi! Moto wako unachemsha maji ya mti kwanza, ndiyo maana huoni joto. Na zile zilizoko nyuma ya banda?"

Nyuma ya banda palikuwa na rundo kubwa la kuni, limepangwa sawasawa kama ukuta, limeezekwa juu.

"Zile sizigusi."

"Kwa nini?"

"Alizipasua Evald. Kila kipande kimepita mikononi mwake. Nikizichoma zikaisha, nitabaki na nini chake?" Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Priidu alivua kofia yake.

"Kila mwaka Evald alinionyesha lile rundo kabla hajanipa hata kahawa. Alijivunia sana! Sasa niambie wewe, mama. Alikuwa anampasulia nani?"

Vaike alifuta macho kwa kiganja.

"Wanasema akiba haiozi," Priidu aliendelea. "Kuni huoza. Za chini zimeanza."

Walikwenda pamoja nyuma ya banda. Vaike mwenyewe ndiye aliyetoa kipande cha kwanza. Alikishika kitambo. Kisha akakigonga na kingine. Vililia kwa sauti kali na safi, na ncha zake zilikuwa na nyufa.

"Hizo ndizo kavu," Priidu alisema. "Panga nene chini, nyembamba juu, vibanzi juu kabisa. Washa kwa juu. Fungua mlango mdogo wa hewa wote. Moto unaofuka haukupi kitu. Moto mkali wa saa moja na nusu hushibisha matofali joto la siku nzima."

"Na kibati?"

"Koroga makaa. Ukiona ulimi wa buluu, hata mmoja, usifunge. Ukiwa na shaka, acha wazi. Bora joto lipotee kuliko wewe." Kabla ya kuondoka alipigilia ukutani kengele ndogo inayolia hewa ya sumu ikiingia.

Jumamosi Maarika alifika na maboksi matupu. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa jiko. Akavua koti, kisha sweta.

Vaike alimweleza yote, hata habari ya hospitali. Maarika alifoka, akalia, akafoka tena. Mwishowe akachungulia ndani ya jiko.

"Hizi ni kuni za baba?"

"Ni zake. Zitatufikisha mwisho wa baridi ya mwakani."

"Halafu?"

"Halafu tuwe na zetu. Miti hukatwa Machi, kabla haijachipua. Kisha ikauke kiangazi cha kwanza na cha pili."

"Mama, mimi sijui kushika shoka."

"Hata mimi."

Maarika alirudisha maboksi garini.

Mwezi wa Machi walipasua kuni siku tatu, viganja vikatoka malengelenge. Rundo lao lilipinda upande, na Evald angelicheka. Lakini waliliezeka juu, wakaacha pande wazi kwa upepo, kama Priidu alivyowaambia.

Vaike alifuta jasho, akalitazama.

"Hizi," alisema, "tutazichoma zote."